Mpamba Ulioulizwa Kwao

Hasna alimwona Hamdani akipanda kinjia cha kutoka ziwani na mwanamume asiyemjua, na kabla hata hajamsoma sura vizuri akageuka akamwambia mama yake, "Mama, kausha."

Bi Mwamini alikuwa barazani anachambua pamba, yuko katikati ya stori ya samaki aliyekuwa na meno kama ya mtu. Akafunga mdomo. Akalegeza shavu la kushoto, akauacha mkono wa kushoto uanguke mapajani kama kambare wa jana. Alishakuwa hodari wa kazi hiyo. Miaka miwili siyo mchezo.

Bangwe nzima ilijua kwamba Bi Mwamini alipigwa kiharusi huko Mwanza kikamchukua ulimi, na binti yake akaenda kumfuata amuuguze. Ukweli wenyewe ni kwamba Mwanza hiyo Bi Mwamini hajawahi kuiona hata kwenye kalenda, na ulimi wake ndio ulikuwa kitu kizima kuliko vyote mwilini mwake. Taabu ya ulimi ule ni kwamba ulitoka Fizi, Kongo, ng'ambo ya ziwa, na ukifunguliwa tu unaitangaza Fizi mtaa wa saba wausikie.

Hasna yeye alivushwa mgongoni kwenye vita vya kwanza. Mama yake alipopelekwa kambi ya wakimbizi, shangazi mtu alimficha mtoto, akamlea hapo hapo Bangwe. Akasoma mpaka darasa la tano, akampiga mwalimu wa zamu na ufagio, shule ikaishia hapo. Sasa alikuwa anakaanga mihogo na migebuka kule mitumbwi inakoshusha, na wavuvi walimwogopa. Akiongea, mtoto wa Bangwe. Akitukana, ndiyo usiseme. Mama mtu alikuwa ametoka kambini akarudi kwao vita vilipotulia, vikawaka tena, akakimbia tena, akashuka asubuhi moja na kanga mbili na mbegu chache za pamba alizozisukia ndani ya nywele. Kujiandikisha hakwenda. Alisema kambi imeshakula ujana wake, uzee haiupati.

Na huu ulikuwa mwaka wa misako ya wageni wasio na karatasi. Lori lenye turubai lilikuwa linapita mitaani, leo Buzebazeba, kesho kwingine, na watu waliokuwa wanauza nyanya asubuhi mchana hawapo. Hasna hakuwa anaogopa lori. Lori unaliona. Alichokuwa anaogopa ni maswali matamu. Feliksi, fundi viatu aliyekuwa anakaa nyumba ya chini yao, aliondoka kwa swali tamu. Kaja mteja, kakaa, kasifia: fundi, sindano yako hii nzuri bwana, umeitoa wapi? Feliksi kwa furaha ya kusifiwa akasema, hii ya baba yangu, Makamba. Makamba ni Burundi. Kesho yake kibanda kilibaki na viatu vya watu, chenyewe hakina mwenyewe.

Ndiyo maana Hasna alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akiwangoja wageni kama anawangoja wadai.

"Hodi hapa!" Hamdani akapaza sauti. Alikuwa mjumbe wa mtaa, mtu wa tumbo na kofia, kila neno analisema kama yuko mkutanoni. "Hasna mwanangu."

"Shikamoo mjumbe."

"Marahaba. Bibi, shikamoo!"

Bi Mwamini akatoa mlio kama mlango usiotiwa mafuta.

"Maskini," Hamdani akasema. "Hata marahaba inamshinda. Hasna, nimekuletea mtaalamu. Huyu anaitwa Bonaventura, anatoka kwenye kituo cha utafiti wa mazao. Anazunguka kutafuta mipamba ya nyuma ya nyumba, ile isiyokuwa ya shamba. Mgeni akija mtaani lazima apite kwangu, ndiyo nimemleta."

"Hapa hatuuzi pamba."

"Sinunui, dada," yule mgeni akasema. Kijana wa miwani, mikono laini, buti za mvua miguuni na jua lote lile. Begani kaning'iniza chupa kubwa ya bati yenye kifuniko, kama zile za mabwana mifugo wanaokuja kupandisha ng'ombe kwa mbegu. Akainama kidogo. "Mwakeye."

Hasna akamgeuzia Hamdani uso. Kiha alikijua, lakini mtu anayekusalimia kwa lugha ambayo hujamwambia unaijua anataka kusikia utaitikiaje.

"Kaambiwa na nani kama hapa kuna mpamba?" akamuuliza Hamdani.

"Bi Mwanakombo wa Ujiji," mgeni akajibu mwenyewe. "Nilikuwa msibani, nikamwona anafungua furushi la pamba. Nikamuuliza pamba nyeupe hivi inatoka wapi."

Bi Mwanakombo alikuwa muosha maiti wa kike, na alikuwa haji na pamba ya dukani. Dukani, alisema, hujui imeshikwa na nani. Pamba ya kumsitiri maiti sharti itoke kwenye mti uliopandwa nyumbani, ichambuliwe mbegu kwa vidole vya mtu aliyetawadha, na haiuzwi. Mwenye mti anatoa, anaombewa dua, basi. Tangu mpamba wa Bi Mwamini uanze kuzaa, nusu ya wanawake waliozikwa Ujiji walizikwa na pamba yake. Hasna aliona hiyo ni heshima. Saa hii aliona ni mdomo wa Mwanakombo tu, umemchoma.

"Mti ule pale," akasema. "Angalieni, muondoke."

Mpamba ulikuwa umesimama ubavuni mwa nyumba, mrefu kumpita mtu, matumba yamepasuka meupe. Bonaventura aliuzunguka bila kugusa. Kisha akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake nzuri. Majani ya chini yalikuwa yamejikunja na kukakamaa kama sambusa zilizoungua. Ya juu yalikuwa yametandazika, mabichi, mazima.

"Uliumwa huu," akasema. "Ugonjwa wa kujikunja majani. Mlipiga dawa gani?"

"Hatujapiga."

"Mlikata matawi?"

"We, nimekwambia hatujagusa. Uliumwa, ukapona. Mtu haugui akapona?"

"Mtu anapona. Mpamba ukipata huu ugonjwa haponi mtu hapo." Akacheka peke yake, akaona hakuna aliyemuunga mkono, akaacha. "Dada, mbegu ya mti huu ilitoka wapi?"

Hiyo hapo. Hasna alilisikia swali likiingia kama sindano ya Feliksi. Akamtazama Hamdani. Hamdani alikuwa anaangalia ziwa, kwa utulivu uliozidi.

"Ya hapa hapa," akasema. "Ya bibi yangu. Ujiji."

Barazani, jicho zima la Bi Mwamini likageuka. Ule mkono uliokufa ukakunja ngumi, ukaminya pamba.

"Ujiji sehemu gani?"

"Ujiji ya Ujiji! Unataka namba ya choo?"

Hamdani akakohoa. "Hasna. Mgeni huyo."

"Ajabu tu," Bonaventura akasema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulizidi kumtia Hasna wasiwasi. "Ujiji nimezunguka yote. Jani la namna hii sijaliona."

Akafungua ile chupa. Moshi mweupe ukamwagika ukateremka chini, baridi, ukatambaa kwenye vumbi. Kuku wakakimbia. Bi Mwamini nusura apige kelele ya mtu mwenye ulimi, akaimeza. Bonaventura akachuma jani moja la chini na moja la juu, akalitia kila moja kwenye kichupa chake, akavizamisha vyote kwenye moshi.

"Unayachoma?"

"Nayagandisha. Ninachokitaka kinaoza upesi kuliko dagaa. Ukichelewa kidogo, hamna kitu."

"Unataka nini ndani ya jani?"

Hapo kijana akawaka uso. Ilionekana hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Akachutama, akaokota kijiti.

"Sikiliza. Kila kipande cha mti huu, hata kidogo usichokiona, kina maagizo yote ya mti. Jani liwe vipi, mzizi uwe vipi, mbegu iote nywele lini. Pamba ni nywele za mbegu, si unajua?"

"Tunawasitiri maiti kwa nywele?" Hamdani akashtuka.

"Nywele za mbegu, mjumbe. Sasa agizo moja linaitwa jeni. Jeni haitoki mahali pake. Inatoa nakala, nakala inaitwa RNA, nakala ndiyo inakwenda jikoni kupikiwa chakula. Umenielewa? Lakini zipo RNA nyingine fupi, vijipande tu. Zenyewe hazipikiwi kitu. Kazi yao ni kuzunguka, kutafuta nakala inayofanana nazo, zikiikuta zinailalia, inakatwa. Jikoni hakifiki kitu."

"Jeni inakufa," Hasna akasema.

"Haifi! Hapo ndipo patamu. Jeni ipo pale pale, nzima, haijafutwa hata herufi. Imenyamazishwa tu."

Hasna hakumtazama mama yake. Alijizuia kwa nguvu zote asimtazame.

"Na ugonjwa je?" Hamdani akauliza.

"Kirusi akiingia anataka mti umpikie maagizo yake yeye. Mti ukimshtukia unamkatakata, unabaki na vipande vyake, halafu vile vipande vyake mwenyewe ndivyo unavitumia kumtafuta. Vinatoka jani la chini, vinapanda na utomvu mpaka juu. Mgeni akifika juu, anakuta wanamngoja. Wanamjua kwa sababu wana kipande cha maneno yake."

Hamdani akavua kofia, akaivaa tena.

Hasna akamkazia macho. Mtu gani anakuja kwenye nyumba ya watu, mwaka kama huu, anakaa kwenye vumbi anaelezea jinsi ya kumkamata mgeni kwa kipande cha maneno yake, halafu anatabasamu? Ama huyu ni mjinga wa ajabu, ama ni mjanja kuliko wote waliowahi kupita kinjia kile.

"Na hilo jani langu," akasema polepole, "huko unakolipeleka, litasema nini?"

"Kila kitu," Bonaventura akasema kwa furaha. "Limeumwa nini, limeponaje, ndugu zake wako wapi. Mti haujui kudanganya."

Walipoondoka, Hasna aliingia ndani akatoka na panga.

Bi Mwamini akamfuata mbio, kiharusi amekisahau barazani. Akasimama kati ya panga na mti, akaukumbatia mti, na kwa sauti ya kunong'ona, maana hata hasira walikuwa wananong'oneza, akasema, "Kata. Kata na mukono yangu pamoja."

"Mama, toka. Atarudi na majibu. Majibu yatasema Fizi. Unataka kupandishwa lori?"

"Majani inasema Fizi? Majani iko na mudomo?"

"Hukumsikia? Kasema ndugu zake wako wapi! Mti ndugu zake wako wapi? Si kwenu?"

"Kwetu. Na kwako pia. Wewe unajifanya umezaliwa na mugebuka."

Hasna akanyanyua panga kweli, na sijui ingekuwaje kama Bi Mwanakombo asingeita hodi. Bi Mwamini akaanguka chini ya mti pale pale, shavu limelegea, hata kanga hakuiwahi.

"Jamani, kaanguka tena?" Bi Mwanakombo akasema, anahema kwa kupanda. "Mnyanyue mwenzangu, kuna vumbi hapo. Hasna, kuna msiba Mwanga, mama mzazi, kafa na mtoto tumboni. Nipe pamba mwanangu. Nipe ya kuwatosha wawili."

Hasna akabaki na panga mkononi. Alikuwa na maneno makali tayari kinywani: wewe bibi ndiye uliyeniletea yule mtu, nani kakutuma? Akamtazama yule mama, miguu imejaa vumbi la kutoka Ujiji, macho mekundu. Akaweka panga, akatawadha, akachuma. Alichuma matumba yote yaliyopasuka. Lakini wakati anafunga furushi akauliza, kama hataki, "Yule kijana wa miwani, alikuuliza nini tena zaidi ya pamba?"

"Aliniuliza kama nawajua nyie. Nikamwambia nawajua sana."

Usingizi ulimpaa Hasna wiki nzima kwa hayo maneno mawili. Sana kitu gani?

Mti haukukatwa. Kila akiutazama alimwona yule mama na mwanawe wa tumboni, akashindwa, akabaki na hasira yake akaimalizia kwa wavuvi. Aliwapimia samaki vibaya, aligombana na Honorata wa mkaa, alimnyima Hamdani mhogo wa bure aliozoea kupewa. Hamdani akapita mara moja, mara mbili, akisalimia kwa mbali. Hakuuliza kitu. Na mtu asiyeuliza, Hasna alijua, ni kwamba ameshajua au anangoja kutumwa. Bi Mwamini naye alinuna. Alikuwa akiongea nyumbani kwa kunong'ona, sasa hata huko aliacha. Akawa bubu wa kweli. Hasna alirudi jioni akakuta mama kakaa anaangalia ng'ambo, kule milima ya Kongo inakoonekana kama moshi, na alipomwita aligeuka tu na lile jicho.

Mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza Bonaventura aliporudi, Hamdani yuko naye, wameloa wote wawili. Hasna alikuwa ukumbini anatengeneza wavu wa mtu. Hakusema karibu.

"Nilikuwa sahihi!" kijana akasema hata kabla ya kukaa. "Dada, lile jani la juu limejaa vile vipande vidogo, vya yule yule kirusi. Jani la chini vichache. Mti wako umejifunza kumnyamazisha. Tukiunganisha kikonyo chake kwenye mpamba wa shamba, huenda nao ukapona. Unajua watu wangapi wanapoteza pamba?"

"Hongera."

"Ila kuna kitu." Akavua miwani, akaifuta maji kwa shati lililoloa, ikazidi kuwa chafu. "Nimeulinganisha na mipamba yote tuliyokusanya mkoa huu. Haufanani na hata mmoja. Huu umetoka mbali. Nahitaji kujua kwao, nikachukue mingine. Nisaidie. Bibi yako wa Ujiji aliutoa wapi?"

Hasna alimtazama Hamdani. Safari hii Hamdani hakuwa anaangalia ziwa. Alikuwa anamwangalia Bi Mwamini, aliyekaa kwenye mkeka pembeni, mkono mapajani, na Bi Mwamini alikuwa anameza kila neno.

Kwa hiyo Hasna akafanya kile anachofanya mtu aliyebanwa na uongo wake mwenyewe: akautupa, akachukua mwingine mbaya zaidi.

"Bibi yangu hausiki," akasema. "Nilidanganya. Mti niliuokota. Ulijiotea jalalani huko chini, kule wanakotupa matumbo ya samaki. Nikaung'oa nikaupanda. Hauna kwao, hauna mwenyewe. Ni takataka."

"Jalala?"

Sauti ilitoka mkekani. Nene, nzima, iliyofungiwa miaka miwili.

"Jalala njo wapi?" Bi Mwamini alikuwa amesimama. "Ile pamba iko ya mama yangu! Alipanda ku Fizi, pembeni ya nyumba yake, mbele wewe hujazaliwa! Mi nilibeba mbegu mu nywele, risasi inapita juu, nasema kichwa ikipasuka ipasuke, lakini mbegu ifike! Mama yangu alizikwa na ile pamba! Na wewe unasema takataka? Mutoto gani wewe? Mutoto gani?"

Akaangua kilio. Kilio chenyewe kilikuwa cha Fizi.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Hasna akamgeukia Hamdani. Alitegemea Hamdani aseme kitu, lakini aliyesema ni yule mjinga wa miwani.

"Fizi!" akasema, uso unameremeta. "Asante sana bibi! Fizi, ndiyo maana!" Na akachomoa kalamu nene mfukoni na kichupa kimoja, akaanza kuandika.

Hasna alimrukia. Alimshika mkono kwa nguvu kalamu ikadondoka. "Andika Ujiji."

"Dada, unaniumiza."

"Nimesema andika Ujiji!"

"Siwezi kuandika uongo. Itakuwa kazi bure yote, mtu akija kutafuta Ujiji asiupate..."

"Basi usiandike kitu! Unajua kinachoitwa lori wewe? Unajua Feliksi fundi viatu? Unakuja hapa na moshi wako, unauliza kwao wapi, kwao wapi! Hujui hiyo ni kauli ya kuulizia watu? Au unajua? Nani kakutuma? Sema mbele ya mjumbe, nani kakutuma!"

Bonaventura akausugua mkono ulioumizwa. Akamtazama bibi anayelia, akamtazama Hamdani, na Hasna aliona kitu kikimfikia pole pole, kama mtu anayetambua kakanyaga nini. Mwaka mzima kazunguka na swali lile nyumba kwa nyumba. Pengine ndipo alipoelewa kwa nini watu wengi walimwambia mpamba umekufa.

"Mimi," akasema, "mimi nilikuwa naulizia mti."

"Mti unasimama wapi?" Hamdani akauliza.

Wote wakamgeukia. Alikuwa amevua kofia anaikamua maji mlangoni, hata haangalii ndani.

"Nakuuliza wewe, mtaalamu. Mti umeukuta umesimama wapi?"

"Hapa."

"Hapa panaitwaje?"

"Bangwe."

"Ni uongo?"

"Si uongo," Bonaventura akasema. "Lakini si..."

"Basi andika Bangwe. Andika ulichokiona kwa macho. Ulichokisikia, kilikuwa kelele za mvua."

Kijana akaokota kalamu. Akaandika, akamwonyesha Hasna kile kichupa. Hasna akasoma herufi moja moja. Bangwe. Hakusema asante. Mtu hasemi asante kwa kurudishiwa kilicho chake.

Walipokuwa wanatoka, Hamdani alichelewa mlangoni. Sauti yake ya mkutano hakuwa nayo.

"Bibi amepona kiharusi," akasema.

Hasna akaukamata mlango, tayari kuufunga.

"Mwambie asikae barazani Jumatano. Jumatano lori linapita huku."

"Kwa nini unaniambia?"

"Sijakwambia kitu," Hamdani akasema. "Na nikiulizwa nitajibu nilichoulizwa. Mimi ni mjumbe, Hasna, nina watoto." Akaondoka akiruka madimbwi.

Sasa hesabu. Hasna alipiga hesabu mpaka kichwa kikamuuma. Kama Hamdani ni mtu mzuri, lori ni Jumatano. Kama ni mtu mbaya, anataka kuona nani atakimbia Jumatano ili amnyooshee kidole. Kama ni mbaya na ana akili, lori ni Jumanne, na Jumatano ni chambo. Jumanne basi akamchukua mama yake asubuhi akashinda naye mitumbwini, amemfunika turubai la kufunikia dagaa, yeye anakaanga mihogo huku anaangalia barabara. Lori halikuja. Likaja wingu, likanyesha, likapita. Mihogo yote iliungua.

"Mi nakufa na arufu ya dagaa," turubai likasema.

"Kufa kimya."

Jumatano alfajiri kulikuwa na boti ya chumvi inaelekea Mwamgongo. Nahodha alimjua Hasna, alimwogopa kidogo, akawapakia bila maneno mengi. Mama mtu akakaa kati ya magunia na wanawake wawili wa Mwamgongo wenye vikapu, na boti haijamaliza hata kuliacha gati vizuri akaanza. Akamuuliza mmoja anatoka wapi, ana watoto wangapi, kwa nini kikapu chake kimesukwa hovyo namna ile. Hasna akamfinya. Bi Mwamini akausukuma ule mkono.

"Niache. Nimenyamaza ya kutosha."

Na yule mwanamke wa kikapu akacheka, akamjibu kwa Kiswahili cha ng'ambo kilichonyooka kama chake, akaanza kumtetea fundi aliyekisuka. Hasna akawaangalia wote wawili kwa zamu. Huyu naye nani? Kawekwa hapa? Akageuza uso kuelekea nchi kavu.

Kutoka majini Bangwe ilionekana yote, nyumba zimepandana kwenye kilima. Akaitafuta ya kwao, akaipata kwa ule mpamba, doa jeupe ubavuni. Ndipo akaliona lori. Lilikuwa linateremka taratibu barabara ya juu, turubai limefungwa, likasimama pale kinjia chao kinapoanzia. Watu wakashuka. Mmoja wa kofia akatoka nyumba za chini akawapokea, tumbo mbele, mikono inapepea, anaongea nao.

Anaongea nini, kutoka majini husikii.

"Si njo Jumatano leo?" mama yake akauliza. Alikuwa ameacha kikapu, anaangalia kule kule. "Hamdani alisema kweli."

Hasna aliendelea kuangalia mpaka macho yakamuuma kwa mng'ao wa maji. Wale watu walikuwa wamesimama bado. Hawakuwa wanapanda kwenda kwao, na hawakuwa wanaondoka.

"Leo," akasema. "Leo kasema kweli."